Mkoba wa Kalunde

Mkoba husifiwa njiani, si dukani.

Maneno hayo yalisemwa na jirani alipoonyeshwa mkoba mpya wa Zuhura, aliyekuwa anajiandaa kwenda chuo. Jirani aliutazama, akayasema, akaenda zake. Zuhura na mdogo wake wakamgeukia bibi yao, Bi Nyamizi, wakataka kujua yametoka wapi na kama ni matusi.

"Si matusi," alisema Bi Nyamizi. "Methali hii ilianza hivi."

Hapa Tabora paliishi binti aitwaye Kalunde. Asubuhi alifanya kazi zahanati, akimsaidia mkunga. Alasiri alikwenda darasani kuusomea ukunga huohuo. Kwa kuwa hakupata nafasi ya kupita nyumbani katikati, kutwa nzima alitembea na vitu vyake vyote: sare, vitabu, bakuli la chakula, chupa ya maji, vifaa vya kuzalishia, na daftari moja la buluu alilolilinda kuliko vyote. Humo yaliandikwa majina ya akina mama aliowazalisha, na kila jina lilikuwa na saini ya mkunga mkuu. Majina yakitimia arobaini, mwanafunzi huruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho. Daftari likiharibika, huanza tena na mama wa kwanza. Kalunde alikuwa na majina thelathini na tisa.

Vitu hivyo alivibeba kwenye kikapu. Siku moja mpini ukakatika mbele ya lango la chuo, sare ikaanguka matopeni, bakuli likabingirika hadi miguuni mwa mwalimu. Watu walicheka. Kalunde aliokota kimoja kimoja, uso ukimuwaka, na kabla hajasimama wima alikwisha kata shauri: atatafuta mkoba wa kumfaa, kazini na darasani, tena mkoba wa kupendeza.

Rafiki yake Edina alimpeleka kwenye duka jipya la sokoni. Mikoba ilining'inia kama matunda, myekundu na ya dhahabu. Mwenye duka alikuwa na ulimi wa asali.

"Huu, dada, umeumbwa kwa ajili yako. Tazama unavyong'aa! Ukipita nao, hata wagonjwa watapona."

Kalunde aliushika, akaugeuza, kisha akaomba ruhusa na kuanza kupanga vitu vyake ndani. Sare ikaingia. Vitabu vikaingia kwa taabu. Bakuli lilipofika mdomoni mwa mkoba, zipu ikaguna.

"Dada," mwenye duka akasema, asali imemkauka, "unanunua mkoba au unahama nyumba?"

Wateja wakaangua kicheko. Edina akamvuta mkono. "Nunua tu, Kalunde. Unapendeza nao."

"Hapa ninapendeza," alijibu Kalunde. "Nikiwa barabarani je?" Akatoa vitu vyake, akashukuru, akatoka.

Alikwenda kwa Mzee Kasubi, fundi aliyeshona maturubai ya malori na ngozi za viti. Alimkuta ameketi kwenye kigoda, sindano mdomoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Lori lako limechanika wapi?"

"Sina lori. Nataka mkoba."

Akamweleza. Kitako kiwe bapa, usimame wenyewe ukiwekwa chini. Chakula kikae mbali na vitabu. Mkanda uwe mpana, usimkate bega. Na ndani kabisa uwepo mfuko usiopitisha maji, wa kutia daftari na vifaa vya kuzalishia.

"Turubai litafaa," mzee akasema.

"Turubai sawa. Lakini mzee, mimi naingia kwenye nyumba za watu siku ya furaha yao. Sitaki waone nimebeba mzigo wa gereji. Nataka uwe mkoba wa kutazamwa."

Mzee Kasubi alitoa sindano mdomoni, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kwa siku tisa akashona. Turubai la kijani kibichi alilizungushia ngozi ya kahawia, akaipiga mishono miwili miwili ya uzi wa manjano, imenyooka kama safu za mahindi. Mfuko wa ndani aliutengeneza kwa mpira wa tairi la baiskeli, akiukunja mdomo mara tatu na kuufunga kwa kamba.

Kalunde alipouona alipiga vigelegele palepale. Lakini mzee akainua mkono.

"Ngoja, binti. Mkoba husifiwa njiani, si dukani. Nenda nao kwanza."

Masika yakaingia. Ikiwa imebaki siku moja madaftari ya majina yakusanywe chuoni, mtu mmoja jina lake Maganga alifika zahanati ameloa chapachapa. Mkewe alishikwa na uchungu, na mbuga ya njiani ilikuwa imejaa maji, asingeweza kumleta. Mkunga mkuu, Mama Tungu, alikuwa na mzazi mwingine mikononi.

"Tangulia, Kalunde," alisema. "Nikimaliza hapa nitazunguka kwa njia ya juu."

Maganga alimpakia kwenye baiskeli hadi ukingo wa mbuga, kisha wakashuka, wakaingia majini wakiikokota. Katikati maji yalifika kiunoni. Maganga akateleza, baiskeli ikalala, nayo ikamwangusha Kalunde. Mkoba ulizama wote. Maji yaliuvuta upande mmoja, mkanda ukamvuta bega upande wa pili, naye akaukumbatia huku akiwaza mishono ile miwili miwili. Mkanda haukukatika. Akasimama, akatema maji, wakaendelea.

Ndani ya nyumba, mke wa Maganga alikuwa amemshika mama mkwe wake mikono, jasho linamtiririka. Kalunde alifungua kamba ya mfuko wa ndani. Glovu zilikuwa kavu. Wembe mpya, kavu. Uzi wa kitovu, kavu. Na chini yake, daftari la buluu, halina hata tone. Alinawa mikono, akapiga magoti, hofu yote ikamwondoka.

Mama Tungu alipofika, alikuta mtoto wa kike ananyonya. Alimkagua mama, akamkagua mtoto, kisha akauona mkoba umesimama juu ya kigoda, kila kitu kikiwa mahali pake. Akatia saini ya arobaini.

"Nani alikuchagulia mkoba huu?"

"Nilichagua mwenyewe, Mama," Kalunde alisema, na kifua kilimjaa. "Kashona Mzee Kasubi."

Kesho yake aliwasilisha daftari chuoni, kisha akaenda moja kwa moja kwa fundi, mkoba ungali na tope. Edina alifuatana naye. Mzee aliupokea, akapitisha kidole juu ya kila mshono. Hakuna uzi uliolegea. Macho yakamlowa.

"Haya, binti," akasema. "Sasa sifu."

Kalunde akasifu. Alisifu kwa sauti hadi wachuuzi wa jirani wakasogea, akasimulia mbuga, mkanda na mtoto. Edina hakungoja amalize. Alikwisha anza kumweleza mzee vipimo vyake. Wakaja wauguzi, wakaja walimu. Kila aliyetaka kuusifu mkoba wake mlangoni, mzee alimnyamazisha kwa maneno yaleyale, nayo yakazoeleka mjini. Leo tunawaambia hayo hata wanaochagua kazi, rafiki au mchumba.

Basi chukua mkoba wako, Zuhura, nenda nao chuoni. Ukirudi likizo utatueleza. Mkoba husifiwa njiani, si dukani.