Gata la Kamuhanda

Gata liliwalo na mbuzi halijazi pipa. Mmeisikia leo kilabuni mkacheka, mkadhani ni maneno ya walevi. Methali hii ilianza hivi: mvua ya vuli ilinyesha Karagwe kuanzia saa sita mchana hadi alasiri, mitaro ikafurika, lakini pipa la Kamuhanda halikupata hata maji ya kunawa mikono. Siku hiyohiyo mke wake akafunga mzigo.

Kamuhanda hakuwa mvivu, wala hakuwa maskini. Alikuwa na nyumba ya mabati yenye paa pana, shamba zuri la migomba, mbuzi majike saba na beberu mmoja mwenye madoa ambaye watu walimsifu mpaka sokoni. Tatizo lake lilikuwa moja tu. Aliamini kuwa vitu vya dukani ni vya mtu asiye na mgomba. Kamba zake zilitoka kwenye mgomba. Mlango wa banda ulisukwa kwa mgomba. Mvua ikimkuta njiani, mwavuli wake ulikuwa jani la mgomba.

"Mgomba umenilea," alikuwa akisema. "Duka limenilea lini?"

Mke wake, Kemilembe, alikuwa ameteka maji kwenye chemchemi ya bondeni kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka ule goti lake la kulia likakataa. Kushuka aliweza, kupanda na ndoo kichwani hakuweza. Akanunua pipa zuri kwa pesa ya kahawa yake, akaliweka chini ya upenu wa nyumba, akamwita Kamuhanda.

"Baba Byera, pipa hilo. Paa unalo. Kati ya paa na pipa pana kazi yako. Vuli ikianza na pipa hili likabaki kavu, nitakwenda kunywa maji kwa baba yangu."

Kamuhanda alijua kuwa Kemilembe hatishi bure. Akamwita fundi Kalokola, mtengenezaji wa magata, ile mifereji ya kukinga maji ya paani. Fundi akapima ukuta kwa hatua, akatazama juu, akasema kwa heshima, "Ta Kamuhanda, weka gata la bati nene, na vishikio vya chuma. Utalisahau miaka ishirini. Uza mbuzi mmoja, yamekwisha."

"Niuze mbuzi?"

"Mmoja tu."

"Maji yanatoka mbinguni bure, halafu mimi niyalipie nauli ya kutoka paani hadi chini?"

Fundi akachukua kofia yake akaenda zake.

Kesho yake Kamuhanda aliingia shambani na panga. Akachagua mashina ya migomba iliyokwisha kukatwa mikungu, akabandua maganda yake marefu, yale yaliyopinda yenyewe kama mfereji. Akayaunganisha, akayafunga kwa kamba za mgomba, akayategemeza kwa matawi yenye panda. Lazima tuseme ukweli, lilipendeza. Mvua ya kwanza ilikuwa ndogo, lakini maji yalitiririka yakafika nusu ya pipa.

Kamuhanda alitangaza kijiji kizima. Watu wakaja, akawapa maji kikombe kimojakimoja kana kwamba anagawa pombe ya harusi. Fundi Kalokola naye akaja, akanywa, akatazama gata.

"Maji matamu," akasema. "Lakini nieleze, Ta. Hiki ulichojenga ni gata au ni malisho?"

Watu wakacheka. Kamuhanda akajibu, "Hiyo ni sauti ya mtu aliyekosa kibarua."

Kemilembe akachukua sufuria. Alichota maji, akapika.

Ikafuata wiki ya jua. Maganda yakakauka, yakapasuka, yakaanguka moja baada ya jingine. Kamuhanda akaweka mapya. Nayo yakapasuka. Mashina ya zamani yalipokwisha, akaanza kukata migomba iliyokuwa bado haijazaa. Kila siku ya tatu alikuwa juu ya ngazi, akifunga na kufungua.

"Baba Byera, utatumalizia chakula kabla ya kutuletea maji," Kemilembe alisema.

"Niachie kazi yangu. Maganda mabichi ndiyo yanayofaa."

Kweli mabichi yalifaa. Yalikuwa laini, yamejaa maji, na harufu yake ilifika hadi banda la mbuzi.

Siku ile ya mvua kubwa, Kamuhanda alikuwa msibani kijiji cha pili, naye Kemilembe alikuwa zahanati kuonyesha goti lake. Wingu lilipotanda, Kamuhanda aliomba ruhusa akakimbia nyumbani akiimba. Moyoni aliliona pipa limejaa kabla hajafika. Alipiga kona ya nyumba, akasimama.

Beberu alikuwa amekata kamba. Alikuwa juu ya lundo la kuni, miguu ya mbele ameiegemeza ukutani, na gata lote halikuwapo. Kipande cha mwisho kilikuwa kinaning'inia mdomoni mwake, naye akikivuta taratibu, macho ameyafumba, kama mzee anayevuta pombe kwa mrija. Maji ya paani yalimwagika nyuma yake kama pazia, yakaingia mtaroni, yakaenda zake bondeni.

Kamuhanda alijaribu kukinga kwa ungo. Akajaribu kwa koti. Akavuta pipa, lakini lilikwama kwenye tope.

Kemilembe akafika, amelowa chapachapa, fimbo mkononi. Akachungulia ndani ya pipa. Mlikuwa na jani moja na matone ya kuhesabika. Akaingia ndani, akatoka na mzigo.

"Kemilembe, tusigombane kwa sababu ya mbuzi."

"Sina ugomvi nawe," alisema. "Nina kiu."

Akaenda.

Kwetu, mke akirudi kwao kwa kosa la mume, mume humfuata na pombe, na hulitaja kosa lake kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya wazee wa ukweni. Kamuhanda aliona aibu, akangoja. Aliteka maji mwenyewe, ndoo kichwani, na wanawake wa chemchemini wakampisha kwa heshima ya uongo: "Mpisheni mama Byera." Siku ya kumi na tatu akabeba pombe, akaenda.

Baba mkwe wake, mzee Rutaihwa, alikuwa amekaa na wazee wanne, mmoja wao mjomba wa Kemilembe.

"Taja kosa, mkwe."

"Gata liliharibika, baba."

"Gata ni kitu kigumu. Liliharibikaje?"

Kamuhanda akatazama chini. "Lililiwa."

"Sema kwa sauti, mjomba wake hasikii vizuri."

"Lililiwa!"

"Na kutu?"

"Na beberu, baba."

Wazee walijitahidi kukaza nyuso. Yule mjomba asiyesikia vizuri ndiye aliyeanza kucheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia. Kamuhanda, kwa kuwa alitaka yaishe haraka, akasema, "Nipeni mke wangu, mchukueni huyo beberu awe faini."

"La hasha," mzee Rutaihwa akasema, akijifuta machozi. "Beberu wako anakula nyumba za watu. Leta majike wawili. Na sikia neno hili, ukawaambie na wa kwenu: gata liliwalo na mbuzi halijazi pipa. Mtu hachagui kitu cha nyumba yake kwa kuwa hakikumgharimu leo. Huangalia kama kitakuwapo siku ya mvua."

Kemilembe hakutoka ndani hadi fundi Kalokola alipoleta habari kwamba gata la bati limekwisha kupigiliwa. Ndipo akachukua fimbo yake.

Kwa hiyo mnaposema gata liliwalo na mbuzi halijazi pipa, mjue mnachosema. Gata la bati lilikuwa la bei ya mbuzi mmoja tangu mwanzo. Kamuhanda alilipa mbuzi huyo, akaongeza majike wawili wa faini, vibuyu vinne vya pombe, migomba kumi na saba isiyozaa mkungu hata mmoja, na siku kumi na tatu za kupanda kilima na ndoo kichwani.