Adhana Iliyokuwa Ndani ya Simu

Sogeeni karibu, na kila mtu apapase mfuko wake kwanza. Simu ipo? Haya, mshukuru Mungu, maana haya ninayowasimulia yalimpata mtu aliyekuwa na uhakika kwamba yake ipo.

Palikuwa na mama mmoja mjini Tanga, akiitwa Bi Mwanamvua, na Mungu alimzungushia watu watatu wenye vipaji. Mwenyewe hakuviita vipaji. Aliviita mtihani.

Wa kwanza alikuwa mpwa wake Mwajabu, mtoto wa mdogo wake. Kipaji chake kilikuwa kukera. Akishakuambia jambo, hakuachi mpaka ulifanye. "Mama mkubwa, weka namba ya siri kwenye simu yako." "Mama mkubwa, hii ya kuitafuta simu ikipotea, nikuwashie?" "Mama mkubwa, zile picha na sauti umeshazihifadhi mahali pengine?" Siku moja Bi Mwanamvua akamsukumia simu afanye atakalo, ilimradi anyamaze. Akamkatalia hilo la mwisho tu. "Bando langu liishe kwa kupeleka mambo yangu sijui wapi huko hewani? Toka hapa!"

Wa pili alikuwa jirani yake, Bi Chausiku. Kipaji chake umbea. Huyo hapitwi na kitu. Ukinunua sufuria asubuhi, adhuhuri anakuuliza mbona mfuniko wake mdogo. Nyumba za watu anaingia kwa hodi moja, anakaa, anaulizia wagonjwa, na akitoka ametoka na habari za mtaa mzima.

Na wa tatu, shemeji yake, Mzee Mbwana, mdogo wa marehemu mumewe. Yeye kipaji chake ubishi. Aliwahi kubishana na daktari aliyemwambia amepona. Akishaanza, njaa haimwoni, jua halimwoni, na wewe uliye mbele yake utajuta kuzaliwa.

Sasa simu yenyewe. Wala haikuwa simu ya kuonyesha watu: kioo kina ufa kutoka pembe hadi pembe, na mfuniko wa nyuma umefungwa kwa raba. Lakini ndani yake mlikuwa na sauti ya Hemedi.

Hemedi alikuwa mwanawe wa pekee, dereva wa lori. Mkewe, Saumu, alipokuwa na mimba ya kwanza, Hemedi aliingiwa na wasiwasi. Mnajua desturi, mtoto akizaliwa babake humwadhinia sikioni. Hemedi kila akijaribu, akifika katikati anachanganya, woga tu. Jioni moja wote wawili walikuwa kwa Bi Mwanamvua, yeye yumo jikoni anakaanga samaki, Hemedi yuko ukumbini anajifunza. Akaadhini, akakosea, akacheka, akaanza tena, akamaliza vizuri kabisa. Yote yakaingia katika simu ya mamake iliyokuwa pale mkekani. Wiki ileile akaondoka na lori lake, na lori likapinduka. Wakamzika.

Saumu akabaki na tumbo lake na ukimya wake. Bi Mwanamvua akasema mjukuu wake lazima aisikie sauti ya babake. Sheikh wa mtaa akamweleza kwa upole kuwa adhana yenyewe itaadhiniwa na mtu aliye hai, hiyo ya simu ni kumbukumbu tu. "Hewala, sheikh," akajibu. "Iite vyovyote. Lakini ataisikia."

Basi mwezi wa Saumu kujifungua ukaingia, Bi Mwanamvua akaenda sokoni kutafuta khanga za kumpokelea mtoto. Na hapa ndipo ninapotaka kumshika mtu mabega nikamtikisa! Simu aliiweka wapi? Ndani ya kikapu, juu ya vitunguu, juu kabisa, eti asije akakosa kuisikia ikiita, Saumu akishikwa na uchungu. Soko zima likaiona. Alipofika kwenye ndizi na kuinamia kikapu, vitunguu vilikuwepo.

Alirudi nyumbani analia na kufoka kwa pamoja. Akasimama barazani, majirani wametoka, akanyanyua mkono juu. "Sikilizeni nyote! Atakayenirudishia simu yangu, na sauti ya mwanangu imo, huyo ndiye atakayempa mjukuu wangu jina! Nimeweka nadhiri!"

Katika ukoo ule, kumpa jina mtoto wa kwanza ni haki ya bibi mzaa baba, na hapo alikuwa ameshaitoa kwa hasira kama anayetupa maji machafu nje. Saumu alikuwa mlangoni, mkono kiunoni. Alisikia kila neno, akageuka, akarudi chumbani.

Mwajabu akaja mbio. Na kwa kuwa ni Mwajabu, hakuanza na pole. "Mama mkubwa, si nilikwambia simu haikai kwenye..."

"Mwajabu, nitakupiga."

Akakaa chini, akatoa simu yake, akaingiza namba za siri ambazo mama mkubwa wake alikuwa amezisahau siku ileile aliyowekewa. Kwanza akaifunga simu kwa mbali, asiweze mtu kuifungua. Kisha akaandika ujumbe utokee kwenye kioo chake: "Simu hii imepotea. Ina sauti ya marehemu. Tafadhali piga namba hii." Halafu ikaja ramani, na juu ya ramani kidoa kinapepesa, mtaa wa nyuma ya soko. Wote wakainamisha vichwa. Kidoa kikapepesa, kikazimika. Simu ilikuwa imezimwa.

Wakaenda kituoni, wakaandikisha. Askari akatazama ramani, akakuna kidevu. "Mama, mtaa tumeuona. Lakini nyumba? Siwezi kupiga hodi mtaa mzima. Nileteeni nyumba, na msiende kugombana na mtu." Ramani ya Mwajabu nyumba haikuwa nayo.

Nyumba akaileta Bi Chausiku. Alijifunga ushungi wake wa kutokea, akaenda mtaa ule mikono mitupu, na simu hakuitaja hata kidogo. Aliuliza bei ya mkaa. Aliuliza nani kaolewa. Akampa mtu pole ya msiba wa zamani mpaka akamliza upya. Kisha akarudi anahema, viatu mkononi.

"Mwenzangu, keti! Kuna mwanamke kule, mumewe fundi simu, anafanyia kazi uani kwao. Kaletewa simu ina ufa na raba nyuma. Mkewe ananililia, ati kila ikiwashwa inataja marehemu, na yeye chumba kimoja na kitu hicho hawezi kulala! Kamwambia mume, leo hii ama unaisafisha hiyo, ama mimi naenda kwetu."

"Anaisafisha vipi?" akauliza Bi Mwanamvua.

Mwajabu akashika kichwa. "Anafuta vyote, mama mkubwa. Vyote vilivyomo."

Wakapiga simu kituoni. Askari wakasema wanakuja. Kuja kwa askari mnakujua, wanasubiri gari, gari linasubiri dereva. Ndipo Mzee Mbwana, aliyekuwa anabishana na muuza maji pale nje, akachukua bakora yake akatangulia. Yeye hakwenda kugombana. Alikwenda kubisha.

Alimkuta fundi uani, simu imeunganishwa kwa waya kwenye kompyuta, kidole kiko tayari. Mzee akavuta kigoda, akakaa.

"Hiyo ni ya shemeji yangu."

"Mzee, mimi nimeinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani hana jina? Wewe mkeo anayekupikia chakula unajua jina lake, mtu wa kukuuzia simu hujui?"

"Mzee wangu, usinichoshe. Nikibonyeza hapa tu, hii inakuwa mpya."

"Haiwezi kuwa mpya. Ina ufa."

"Mpya ndani, mzee!"

"Ndani ya kitu chenye ufa kuna upya gani? Wewe ukivaa kanzu mpya juu ya jipu, jipu limepona?"

Fundi akaondoa kidole apate kueleza vizuri. Kosa lake hilo. Alieleza kwa mikono miwili, akaeleza akiwa amesimama, akamwita mkewe aje awe shahidi, na mkewe akawa upande wa mzee. Mpaka askari wanafika, fundi alikuwa amekaa chini ameshika tama, anaomba wamtoe mzee yule kwanza, mengine atasema mwenyewe. Simu ikarudi na kila kilichokuwamo.

Saumu akajifungua salama, mtoto wa kike. Sheikh akamwadhinia. Kisha Bi Mwanamvua akaiweka simu karibu na mto, akabonyeza. Mtoto alilala tu, hana habari. Waliolia walikuwa watu wazima.

Hadithi ingekwisha hapa, tukala wali tukaenda zetu. Lakini nadhiri je?

Siku ya saba nyumba ikajaa. Sheikh kaketi, wembe wa kumnyolea mtoto uko ndani ya kibakuli, nyama ya akika imeiva, wali unakaukia jikoni. Sheikh akauliza, "Mtoto anaitwa nani?" Na wale watatu wakajibu kwa pamoja, majina matatu.

"Nasra," alisema Mwajabu. "Mama mkubwa, bila mimi mngekuwa bado mnaitafuta kwenye vitunguu. Na nilianza kukusumbua kabla haijaibiwa, hilo usilisahau."

"Ataitwa Chausiku kama mimi," akasema Bi Chausiku. "Kidoa chako kilizimika, mwanangu. Miguu yangu haikuzimika. Nani mwingine angeijua ile nyumba?"

"Mwanakombo, jina la mama yetu," akasema Mzee Mbwana. "Nyinyi mlijua iliko, haya, hongereni. Kujua si kurudisha. Bila mimi mngerudishiwa simu tupu, mkaiweke juu ya vitunguu tena."

"Shemeji, ungekwenda wapi kubishana bila mimi kukuonyesha nyumba?"

"Na yule mke wa fundi angelalamikia nini bila ujumbe wangu?"

"Nyie watu!" Bi Mwanamvua akapiga paja. "Nimewavumilia miaka yote! Kero zako, umbea wako, ubishi wako, nimemeza! Leo mnisaidie jambo moja tu, mnyamaze!"

Ndipo Saumu akasema, kwa sauti ya chini, pale kitandani, "Mama, iweke tena ile sauti."

Ikawekwa. Hemedi akaadhini, akafika katikati, akakosea, akacheka. Bi Mwanamvua akafumba macho kama kawaida yake.

"Nimekosea," ikasema sauti ya mwanawe. "Futa hiyo."

Na sauti ya mwanamke, karibu kabisa na simu, ikajibu, "Sifuti. Anza tena."

Bi Mwanamvua akafumbua macho. Alikuwa ameisikiliza sauti ile tangu siku ya msiba, asubuhi na jioni, na siku zote masikio yake yalimsikia mwanawe tu. Sasa akamgeukia mkwewe.

"Ni wewe uliyerekodi?"

"Ni mimi, mama. Ulikuwa jikoni."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Na mtoto? Ulitaka aitwe nani?"

Saumu akamvuta mtoto karibu, akamfunika mguu. "Hata hilo, mama, sijaulizwa. Ulishaweka nadhiri."

Mwajabu akainamisha kichwa. Bi Chausiku akajifunga upya ushungi wake. Mzee Mbwana akafungua kinywa abishe, akamtazama Saumu, akakifunga. Lakini madai hawakuyaondoa, na haki walikuwa nayo, maana walichoahidiwa mbele ya watu walikifanya. Naye Saumu hakurudisha simu. Lakini ndiye aliyefanya pawe na cha kurudishwa.

"Bi Mwanamvua," akasema sheikh, mkono umeshatulia juu ya kichwa cha mtoto. "Nadhiri uliitamka wewe, na wa kutaja mwenye haki ni wewe. Nani anampa jina?"

Wali unaungua, watu wamenyoosha shingo, na mama wa watu kaduwaa katikati ya chumba na simu yake ya raba mkononi.

Jina ni moja, na mtoto atalibeba mpaka kaburini kwake. Haya, nyinyi mliokaa mnanitazama: mngekuwa na nadhiri ile shingoni mwenu, mngemwelekezea kidole nani?