Sauti Karibu na Nyumba ya Mama Nyati

Tak!

Sauti hiyo moja ililia usiku, karibu na nyumba ya Mama Nyati, kisha kimya. Hii ni habari ya zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao na kusengenyana kama majirani wa leo. Mama Nyati alimfunika ndama wake kwa mwili mzima, akakaa macho mpaka kukapambazuka.

Ndama huyo hakuwa na jina. Wawili waliomtangulia walikufa wachanga, na Fisi mganga akamwambia mama yao: "Kifo huja kikiita. Huyu usimpe jina, kikose cha kuita." Mama alikuwa na jina moyoni, la marehemu baba yake. Mwezi wa nne huo tangu amzae, na jina halijamtoka mdomoni.

Lakini asubuhi hiyo kundi lote lilikuwa linahamia mtoni, maana visima vilikuwa vimekauka. Na desturi ya nyati ni hii: mkuu wa kundi husimama njiani, kila mama hutaja jina la mwanawe, ndipo mtoto hupita. Asiye na jina hubaki.

"Hodi! Hodi hapa!" Fisi akaingia kabla hajakaribishwa. "Dada yangu, umeisikia?"

"Nimeisikia, mganga. Ni nini?"

"Ndicho chenyewe! Kinatafuta jina. Niachie mtoto, nitamlinda mpaka mrudi na mvua." Akameza mate, kwabu!

Mama Nyati aliyaona mate yale, hakuyapenda. Lakini sauti ya usiku ilikuwa imemtia hofu. Alishuku kila kitu, hata kivuli cha mlango wake.

Mara, parakacha, parakacha! Akaingia Pimbi, jirani wa kwenye miamba, asiyefika hata kwenye goti la ndama.

"Shikamoo, mganga! Afadhali nimekukuta. Ile sauti ya kwanza nilidhani naota. Ya pili ikanitoa kitandani. Sasa ile ya tatu, mganga wangu, ilisemaje? Mimi sina elimu yako."

Fisi akavimba kifua. "Ya tatu ndiyo nzito! Ya kwanza ilibisha hodi tu. Ya pili iliuliza. Ya tatu ikatamka wazi: mtoto wa Nyati abaki kwa Fisi! Nimeisikia kwa masikio haya!"

Mama Nyati akainuka taratibu. "Mganga, mimi sikulala. Ililia mara moja."

"Mara... moja?"

"Moja!"

"Hii hii hii!" Fisi akacheka, akirudi kinyumenyume. Pembe ikamkuta kiunoni, pu! Vumbi lake tu likabaki mlangoni.

Mama Nyati akamgeukia Pimbi. "Na wewe? Umeingia kwangu na uongo mdomoni. Nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini, shoga. Toka nje uone."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na mti wa myombo. Walisimama chini yake, Mama Nyati pembe mbele, tayari kwa vita. Tak! Ganda kavu likapasuka juu, mbegu ikamgonga puani.

"Mama wee!" Nyati mzima akaruka. Ndama akacheka mpaka akaanguka.

"Ndicho kifo chako hicho," Pimbi akasema.

Mama Nyati akainusa mbegu. Vumbi lilikuwa kavu kama majivu, angani hakuna hata kipande cha wingu. Lakini juu ya matawi majani machanga, mekundu, yalikuwa yameshachipua.

"Mvua bado mwezi na nusu," akanong'ona. "Mti huu haujui?"

"Kila mwaka ndivyo. Unawatupa wanawe vumbini kabla ya tone la kwanza."

"Nani ameuambia kwamba mvua itakuja?"

"Mimi sijui. Aliyeuumba anajua."

Miaka yote Mama Nyati alipita chini ya mti ule akitafuta kivuli tu, hakuwahi kuinua macho.

Jua lilipochomoza kundi lilikuwa limejipanga. Wanangu, akija mtu kuwauzia hofu, kwanza tokeni nje mkatazame kilicholia.

"Na huyu?" mkuu wa kundi akauliza. "Huyu ni nani?"

Mama Nyati akatazama nyuma, vichakani alikokimbilia Fisi. Akatazama juu, kwenye majani mekundu. Akavuta pumzi.

"Mihayo," akasema. "Anaitwa Mihayo, kama babu yake."