Khitma Penye Mapipa

Alikuwako Tanga tajiri mmoja, Bwana Ghalibu, mwenye jengo la ghorofa nne na mapipa mawili tu ya taka. Maganda, makatoni na chupa vilifurika uani hata Bi Mwanasaumu, mpangaji wa chini, asiweze kufungua dirisha lake. Alipokwenda kulalamika, tajiri alimkemea: "Atakayepeleka habari hizi kwa bwana afya, na ahame!"

"Astaghafirullahi, mwinyi, sisemi tena. Naomba ruhusa tu. Wapangaji tunataka kumsomea khitma marehemu baba yako, Ijumaa baada ya alasiri. Sheikh amekwisha kubali."

"Hilo ni jambo la kheri! Mtasomea wapi?"

"Uani, mwinyi, penye taka. Hapana pengine pa kutandika mikeka."

Kufikia Alhamisi, taka zote zilikwisha zolewa na ua ukaoshwa kwa dawa.

Ijumaa khitma ikasomwa. Sheikh alipomaliza dua, Bi Mwanasaumu aliuliza mbele ya jamaa wote: "Mwinyi, mzazi wako tumkumbuke mara hii moja tu, au kila Ijumaa?"

Bwana Ghalibu akawatazama watu, nao wakamtazama.

"Kila Ijumaa," akasema kwa sauti ndogo.

"Amin!" wakaitika wapangaji, na Bi Mwanasaumu akaenda kulifungua dirisha lake.