Uzi wa Njano wa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kugombania mipaka kama sisi, nchi nne zilikubaliana kuwa dola moja: nchi ya Tembo, ya Kiboko, ya Nyati na ya Pimbi. Pimbi mnamjua? Yule mdogo wa kwenye mawe, asiye na mkia. Nchi yake ilikuwa jabali moja tu.

Kila nchi ilikuwa na bendera yake nyumbani. Lakini kwenye kisima cha wote ilitakiwa bendera moja ya muungano, na wale wakubwa watatu wakatunga sheria: asiye na rangi kwenye bendera hiyo, hanywi maji.

"Nyekundu yangu, buluu ya Kiboko, nyeusi ya Nyati," Tembo akatangaza. "Imetosha!"

"Na njano yetu, mzee?" Pimbi akauliza.

"Njano!" Nyati akacheka mpaka kamasi zikamtoka. "Kijitambaa kile? Hata kufutia pua yangu hakitoshi!"

Pimbi akanywea. Jabalini hakukuwa na maji, na wanawe wangelamba umande mpaka lini? Akafikiri, kisha akakohoa kidogo.

"Sawa, wakubwa. Basi niwashonee hiyo bendera. Sindano ninayo, na uzi nitaleta mwenyewe."

"Bure?" Kiboko akadakia.

"Bure kabisa."

"Shona!"

Je, kuna aliyeuliza uzi gani? Thubutu! Wakubwa wakisikia neno bure, masikio yanaziba.

Pimbi akaenda nyumbani, akashusha bendera yao ya njano, akaanza kuifumua. Mkewe akaangua kilio.

"Baba watoto! Bendera ya mababu zetu unaiharibu?"

"Nyamaza, mama watoto. Siiharibu. Naihamisha."

Naye moyo ulimuuma, nisiwadanganye. Lakini alifumua yote.

Siku ya sherehe bendera ya muungano ikapandishwa. Pa! Pa! Pa! Ikapepea, wakubwa wakapiga makofi. Mara wakamwona Pimbi na wanawe wanakuja na vibuyu.

"Rudini!" Tembo akafoka. "Rangi yenu iko wapi?"

"Tazama mishono, mzee."

Tembo akakodoa macho. Lahaula! Kati ya nyekundu na buluu, mstari wa njano. Kati ya buluu na nyeusi, mstari wa njano.

"Umetuchezea! Kiboko, shusha bendera, toa uzi huo!"

Kiboko akashusha, akauma uzi kwa meno, akavuta. Chrrrrr! Upepo nao ukaja, fuuu! Nyekundu ikanasa miibani, buluu ikatua matopeni, nyeusi ikamfunika Nyati uso mzima.

"Nani kazima jua?" Nyati akapiga kelele.

Mlingoti ukabaki mtupu. Joto lilikuwa kali, na Tembo akanyoosha mkonga kisimani.

"Ngoja, mzee," Pimbi akasema taratibu. "Rangi yako iko wapi?"

Mkonga ukasimama hewani. Sheria waliitunga wenyewe, na umati wote ulikuwa unatazama! Wakasimama pale, makoo yamekauka, maji yako chini ya pua zao. Kiboko, ambaye jua halivumilii hata kidogo, ndiye aliyesalimu amri kwanza.

"Fundi," akasema kwa sauti ndogo, "uzi umebaki?"

"Umebaki. Ila safari hii mstari wa njano utakuwa mpana. Na bendera ikipanda, wanangu wanywe kwanza."

Tembo akaguna. Akatazama maji, akamtazama Pimbi, akaguna tena.

"Shona, bwana."

Pimbi akashona. Bendera ikapanda na rangi zake nne, na wale wadogo wakanywa, gudu gudu gudu, Tembo mwenyewe akiwashikia vibuyu. Baadaye kule jabalini wakafuma bendera mpya ya njano, kubwa kuliko ya kwanza.

Nanyi wanangu, mnapoungana na wengine, msimdharau aliye mdogo, kwani huenda ndiye anayewashikamanisha pamoja.