Lori la Kijapani na Nafasi Moja Melini

Sogeeni karibu. Nina kesi mkononi, na mwamuzi sina.

Wakati wa vita vya Burma, askari watatu wa Afrika Mashariki walikuwa katika kikosi kimoja cha jeshi la Waingereza. Nzioka, fundi kutoka Kitui, alisikiliza injini kama mama anavyosikiliza kifua cha mwanawe. Nyirenda wa Nyasaland alikuwa dereva ambaye hata matope yalimheshimu. Simiyu wa Bungoma hakujua injini wala usukani, ila alijaliwa sauti: akiimba bondeni, anasikika mlimani.

Siku moja majeruhi walitakiwa kufikishwa kwa daktari ng'ambo ya mto, lakini malori ya Waingereza yalikuwa mazito mno kwa daraja la mianzi. Ndipo wakaona lori lililoachwa na Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma. Lilikuwa jepesi. Vita vilikuwa vimewamalizia Wajapani chuma, wakaliundia kibanda cha mbao, taa moja, na breki za magurudumu ya nyuma peke yake. Nyirenda alicheka, akasema hicho ni kitanda chenye magurudumu.

Nzioka akaingia chini yake. Bomba la petroli lilikuwa limepasuka. Akaliunga kwa kipande cha mpira alichoomba kwa mhudumu wa majeruhi. Injini ikakohoa, kisha ikanguruma.

Majeruhi wakapakiwa. Nyirenda akateremka kwa gia ndogo, breki hakuziamini hata kidogo, akavuka daraja mianzi ikilia chini yake.

Kumbe ng'ambo, walinzi wao wenyewe waliona lori la adui likija. Bunduki zikainuliwa. Simiyu, aliyepanda nyuma pamoja na majeruhi, akaruka chini, akatangulia mikono juu, akiimba wimbo wa kuwatania wapishi wa kambi. Mlinzi mmoja akashusha bunduki.

"Mjapani gani huyu," akauliza, "anayejua kwamba ugali wetu huungua?"

Majeruhi wote walipona. Kamanda akatangaza likizo kwa watatu hao, lakini meli ya Mombasa ilikuwa na nafasi moja tu.

Nzioka alikuwa na mtoto ambaye hakuwahi kumwona. "Lori lisingewaka," akasema, "mngeendesha nini?"

"Lingewaka, likatumbukia mtoni," akajibu Nyirenda, ambaye mama yake alikuwa mgonjwa.

Simiyu, mchumba wake akimngoja, akatabasamu. "Mngevuka, jamani. Mkafika maiti."

Wakabishana na kucheka mpaka chai ikapoa. Kamanda naye akashindwa kuamua.

Meli inapakia, na wote watatu wamefunga mizigo. Je, msikilizaji, wewe ungempandisha nani?