Nyumba ya Mwosha Maiti

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Hadhramaut palikuwa na nyumba ya wakfu kando ya makaburi, vyumba viwili na kisima. Aliyeiweka wakfu aliandika kwenye hati: akae humo mwenye kuosha maiti wa mji huu, maadamu anaosha. Alikaa humo Dirar, Allah amrehemu, akiosha wanaume, na mkewe Bi Lubaba akiosha wanawake. Wakakaa miaka ishirini na sita, kisha Dirar akafariki.

Msimamizi wa wakfu, Ubaid bin Harith, akangoja eda ya mjane iishe, miezi minne na siku kumi, na watu msikitini wakamsifu kwa subira yake. La hawla wala quwwata. Asubuhi iliyofuata vyombo vya Bi Lubaba vilikuwa nje barabarani, na chungu bado kina uji.

"Mwosha maiti alikuwa mumeo," Ubaid akamwambia. "Kazi imekwenda naye, na nyumba ni ya kazi."

"Na mama yako nani alimwosha, Ubaid? Dirar?"

"Usinitolee ulimi, bibi. Ondoka kwa heri."

Nyumba akampa Nusaiba, dada wa mkewe, aliyechoka kukaa kwa watu. Nusaiba naye akadai kuwa miaka yote ni yeye aliyekuwa akiosha wanawake, na Lubaba kazi yake ilikuwa kumchotea maji. Hivyo hivyo, bila kupepesa macho.

Bi Lubaba akaenda kwa Kadhi Wahban, mcha Mungu asiyekula kwa mtu. Kadhi akataka mashahidi. Hebu fikirini: hakuna mlango katika mji ule ambao mwanamke huyu hakuupita na kafuri ya maiti mkononi, watu wakilia, yeye akifanya kazi. Lakini Ubaid ndiye aliyekuwa akigawa maduka ya wakfu, na kila mwenye duka alipoitwa, kumbukumbu ikamwisha. Mwuza ubani, ambaye binti zake wawili walioshwa kwa mikono ya Lubaba, alisema siku zile za msiba alikuwa haoni vizuri. Sheikh mzima, ndevu mpaka kifuani, haoni vizuri.

Kadhi akasema, "Basi nileteeni alama. Aliyeosha hakosi la kunieleza."

Nusaiba akawahi. "Mimi ninayo. Mama yake Ubaid nimemwosha mimi. Alikuwa na kovu la moto chini ya titi la kushoto, limekunjamana mpaka ubavuni."

Ubaid akatazama mkeka. Mama yake mzazi alikuwa anavuliwa nguo mbele ya wauza samli, na yeye ndiye aliyefungua mlango.

Bi Lubaba alijua kovu liko upande gani, na halikuwa kushoto. Neno moja tu, nyumba ingerudi. Lakini kila afundishwaye kuosha hufundishwa hili kabla ya kushika maji: unachokiona kinazikwa na maiti.

"Lubaba," kadhi akasema, "ni kweli asemayo?"

"Niliyemwosha nilimfunika, mheshimiwa kadhi."

"Nakuuliza mara ya pili, na nyumba iko kwenye jibu lako."

"Basi nitachukua chungu changu niende. Mama yake Ubaid hayupo hapa kujitetea."

Nusaiba akacheka. "Si mnaona? Hajui kitu huyo."

Kadhi akamgeukia msimamizi. "Ubaid, una mke na una mabinti. Siku mmoja wao akilala na macho hayafunguki, utamwita nani kati ya hawa wawili aingie naye chumbani?"

Ubaid akainua uso kutoka kwenye mkeka. Kisha akasema, "Lubaba. Na mama yangu pia alimwosha Lubaba. Mimi mwenyewe nilikwenda kumwita."

"Umejihukumu," kadhi akasema. "Rudisha vyombo ndani kwa mikono yako. Anaosha, basi nyumba ni yake."

Wanasema Ubaid alibeba mpaka mwiko. Wale mashahidi wasiokumbuka wakaja kumsaidia, na wote wakakumbuka njia ya kwa Lubaba vizuri sana.

Ndugu zangu katika imani, nyumba zinazofungamana na kazi bado zipo, ziitwe kota au ziitwe wakfu, na bado mtu hufa leo, kesho watoto wake wakaletewa notisi. Mwenye ufunguo na amwogope Mola wake. Ila anayenichosha mimi zaidi si Ubaid, maana yeye mwishowe alisema kweli, na aliisema wakati inamgharimu. Anayenichosha ni mwuza ubani. Ya Rabbi, tupe wa kutusitiri siku tutakapokuwa hatuwezi kujisitiri, na pale jirani anapotolewa vyombo nje, turudishie macho yetu. Amin.